Bunia: toleo jipya lililokosa maneno

Kijana mmoja aliyekimbia vita wilayani Djugu na wazazi wake, leo anafundisha watoto wa wakimbizi wa ndani hapa Bunia kuandika programu, kwa kompyuta mbili za zamani na umeme wa jua.

Wanatumia Visual Studio Code, programu ya bure ya kuandikia kodi. Yeye aliitengenezea kiongezo: mwanafunzi akiweka mshale juu ya neno la kodi, maelezo ya Kiswahili yanatokea.

Mwezi uliopita alimaliza toleo jipya, 1.2.0. Aliandika namba hiyo katika faili la package.json, kisha akatoa amri ya vsce package, inayofunga kazi yote katika faili moja la .vsix. Faili hilo huwekwa kwenye kompyuta hata bila intaneti. Mega ni ghali, kwa hiyo kabla ya kulitangaza mtandaoni aliligawa kwa flashi kwa wanafunzi wanaopata kompyuta kwingine.

Kesho yake msichana mmoja akaja.

“Yaya, ile maneno haionekane.”

“Leta nione, mdogo wangu.”

Kwenye mashine yake yote yalikuwa sawa. Baada ya saa mbili akagundua: ili mzigo uwe mwepesi, katika orodha ya vitu vya kuachwa nje aliandika pia folda ya maelezo. Mashine yake ilikuwa ikisoma folda yake ya kazi, si mzigo wenyewe uliofungwa. Hakuwa ameujaribu.

Angeweza kurekebisha na kuacha namba ileile. Soko la mtandaoni la Microsoft halipokei namba moja mara mbili, lakini flashi inapokea chochote. Kungekuwa na mafaili mawili yenye jina moja, zima na bovu, na mtoto asingejua lake ni lipi.

Akaandika 1.2.1. Katika orodha ya mabadiliko akaongeza: “Toleo 1.2.0 lilikosa maelezo. Kosa ni langu.” Safari hii aliliweka kwanza kwenye kompyuta ya wanafunzi, msichana yule akalijaribu neno kwa neno. Ndipo akanunua mega na kulitangaza.

Kisha akaanza kuzifuata flashi, moja moja. Zimerudi zote isipokuwa moja. Familia ya mvulana aliyekuwa nayo imehamia kambi nyingine, na kijana bado anaulizia ni kambi gani.