Siku ya Tatu Mpe Jembe: Wiki Moja Kiplombe

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii nimeifahamu tangu utotoni kwetu Pangani, na kwa miaka mingi niliamini kuwa ni njia ya heshima ya kumfukuza mgeni aliyekaa kupita kiasi. Ilinibidi nivuke mpaka wa nchi ili niielewe upya.

Watu wa kwetu wakisikia kwamba fulani anasoma nje ya nchi, fikra zao huenda moja kwa moja Ulaya au Marekani. Nje yangu mimi ni Eldoret. Nilipanda basi Tanga, nikavuka Horohoro na Lungalunga, nikapitia Mombasa na Nairobi, na hatimaye nikajikuta katika nyanda za juu zenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtoto wa pwani hakuzoea kuvaa sweta mbili adhuhuri. Hata hivyo, baridi si iliyoniumiza zaidi. Mwishoni mwa muhula uliopita niliwasilisha pendekezo la utafiti wangu wa uzamili, nalo likarudishwa. Mmoja wa walimu aliniuliza swali moja tu: Kiswahili unachokitetea humu ni cha nani? Nilibabaika. Nilirudi chumbani nikiwa na wazo la kufungasha virago na kurejea nyumbani.

Rafiki yangu tunayesoma naye aliliona hilo usoni mwangu. Akaniambia, "Ndugu yangu, njoo kwetu Kiplombe wiki moja. Usisome kitu. Pumzika tu." Kiplombe ni kata iliyo pembezoni mwa Eldoret, katika eneo la Turbo, mahali ambapo mji unakoma polepole na mahindi yanaanza. Nilikwenda Jumapili nikiwa na begi la nguo na begi la vitabu. La vitabu sikulifungua.

Mama yake alitupokea mlangoni. Nikainama, nikasema, "Shikamoo, Mama." Akasita kidogo, kisha akajibu, "Mzuri, mtoto wangu. Karibu." Nilitabasamu kimoyomoyo. Nakiri kuwa tabasamu lile halikuwa jema.

Siku mbili za mwanzo nilikuwa mgeni kamili. Nililala hadi jua likachomoza, jambo ambalo sikulifanya tangu nianze masomo. Niliandaliwa chai iliyojaa maziwa, ugali mgumu wa kukatika kwa kisu, na mursik, yaani maziwa ya mgando yaliyohifadhiwa katika kibuyu kilichopakwa masizi ya mkaa wa mti maalumu. Kibuyu hicho wenyewe hukiita sotet. Funda la kwanza lilinishinda. La tatu nikaliomba mwenyewe. Nilikaa kibarazani nikitazama barabara ya vumbi. Alfajiri na jioni wakimbiaji walipita makundi kwa makundi, kimya, pumzi zao zikifuka kama moshi. Hii ni nchi ya Kipchoge Keino, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 kule Mexico City mwaka 1968, na kukimbia huku si ajabu ya kumsimamisha mtu.

Jumatatu usiku, tukiwa mezani, mjukuu mdogo alisukuma sahani yake pembeni. Mama akasema, "Hii mtoto imekataa kula." Kabla sijajizuia, ulimi wangu ukateleza: "Mtoto huyu amekataa kula, Mama." Nilisema kwa sauti ya upole, tena kwa nia niliyodhani ni njema. Mama aliniangalia, akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia mjukuu na kuendelea naye kwa Kikalenjin.

Asubuhi ya Jumanne nilitambua nilichokifanya. Mama alimwambia rafiki yangu jambo kwa Kikalenjin, naye akanigeukia: "Mama anauliza kama utakunywa chai." Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nilihitaji mkalimani wa kuniulizia chai katika nyumba ambamo siku mbili tu nyuma nilikaribishwa kwa Kiswahili! Sikuwahi kupata alama mbaya kuliko ile. Nilikuwa nimesahihisha sentensi moja na kuufunga mdomo mzima.

Ilikuwa siku yangu ya tatu. Nyuma ya nyumba, Mama na majirani wawili walikuwa wameketi kwenye turubai, wakipukuchua mahindi. Mashine ya kupukuchulia mavuno makubwa ilikuwa imeahidiwa Alhamisi. Haya yalikuwa ya kula nyumbani, na yalipukuchuliwa kwa mikono. Nikasimama mbele yao. "Mama," nikasema, "kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Naomba na mimi langu."

Kimya kikatanda kidogo. Kisha mmoja wa majirani akacheka, na Mama akacheka pia. Akanisogezea kigoda na kunirushia hindi. Nilianza kung'oa punje moja moja kwa kidole gumba kama mtu anayehesabu tasbihi. "Hapana hivyo," akasema, kwa Kiswahili. "Fungua laini moja kwanza, halafu shika gunzi, sugua nayo." Akanionyesha. Gunzi tupu mkononi mwake lilipita juu ya hindi na punje zikamiminika kama mvua ya ghafla. Hakunisahihisha kwa kuniaibisha. Alinifundisha kwa kunipa kitu cha kushika.

Tulipukuchua hadi jioni, na malengelenge yakanitoka. Katika kazi ile midomo ilifunguka. Nilimwomba radhi kwa maneno ya Jumatatu. Akapunga mkono kana kwamba anafukuza nzi. Akanieleza kuwa Kiswahili hakukisoma shuleni. Alikipata akiuza maziwa mjini, kwa Waluhya, Wajaluo na Wakikuyu. Halafu akanyamaza, akachukua hindi jingine, akasema, "Ile vita ya 2008, majirani walikimbia. Wengine walirudi. Kwa barabara tulikutana, hakuna mwenye alijua ataanza aje. Nikasema tu, 'Habari ya siku mingi?' Yeye akasema, 'Mzuri.' Tukalia."

Sikuinua uso. Darasani tumefundishwa sura nyingi kuhusu upatanisho wa kisarufi: kiambishi cha nomino kiafikiane na cha kivumishi, na cha kitenzi vilevile. Hapa palikuwa na sentensi isiyokuwa na upatanisho huo, nayo ilikuwa imepatanisha watu.

Sisemi sarufi itupwe. Kiswahili sanifu ndicho kinachoniwezesha mimi wa Pangani kuandika makala haya na msomaji wa Kampala au Bujumbura akanielewa, na mwalimu asiyesahihisha insha anamdhulumu mwanafunzi wake. Ninachosema ni kwamba kalamu nyekundu ina mahali pake, na meza ya chakula ya mwenyeji si mojawapo. Hata jina la Eldoret lenyewe, inavyosimuliwa, ni neno la Kimaasai lililovikwa kiambishi tamati cha Kikalenjin. Na wenyeji wa zamani waliuita mji huo Sisibo, kutokana na namba ya Kiingereza ya shamba nambari 64. Maneno husafiri na kupokewa kama wageni, na kila nyumba huyapa jembe lake.

Siku zilizosalia zilikuwa za raha niliyokuwa sijaijua, raha ya mtu mwenye kazi ndogo na asiye na haraka. Jumatano nilianika mahindi na kuwafukuza kuku. Alhamisi mashine ilikuja ikinguruma, tukajaza magunia ya kilo 90 hadi giza likaingia. Ijumaa sikufanya lolote, na hakuna aliyenihesabia. Mjukuu alijitwika kazi ya kunifundisha lugha yake, na kila nilipotamka vibaya alianguka kwa kicheko, kisha akarudia neno taratibu hadi nikalipata.

Jumamosi asubuhi, begi la vitabu likiwa bado limefungwa, nilikwenda kumuaga Mama. Nikasema kwa makini, "Chamgei, Mama. Kongoi."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akafikiri kidogo, akajibu: "Marahaba."

Sasa nimeketi kuliandika upya pendekezo langu. Swali la mwalimu bado lipo juu ya ukurasa wa kwanza, na jibu langu bado halijakamilika. Lakini virago sikufungasha, na gunzi moja kavu kutoka Kiplombe lipo juu ya meza yangu, kando ya kamusi.