Archer City, Mji Uliozidiwa na Vitabu

Ukitoka Dallas kuelekea kaskazini-magharibi unaendesha gari zaidi ya saa mbili. Majumba yanakwisha, miti mirefu nayo inakwisha, mwishowe unabaki na vichaka vya miiba, seng'enge na ng'ombe. Hapa na pale uwandani kuna pampu ya mafuta, inainama na kuinuka polepole kama mtu anayetwanga bila njaa.

Archer City yenyewe haifikishi watu 2,000. Barabara mbili zinakatana, pana taa moja na mahakama ya kaunti iliyojengwa kwa mawe, na mji umeishia hapo. Mwenyeji wangu, Mkenya anayeishi Dallas, alizima gari akanitazama. "Kaka, umepanda ndege ukaja kuona hapa?"

Ndiyo, hapa. Hiyo ilikuwa 2014, na nilikuwa nimefuata nyayo za Larry McMurtry, mwandishi wa riwaya na miswada ya filamu, aliyezaliwa 1936 na kukulia kwenye ranchi ya wazee wake nje kidogo ya mji. Nyumbani kwao farasi walikuwapo, ng'ombe walikuwapo, na hadithi za barazani zilikuwapo tele. Kitabu hakikuwapo hata kimoja. Mwaka 1942 binamu yake mmoja, akiwa njiani kwenda jeshini, alipita akamwachia sanduku lenye vitabu 19. Mtoto alikuwa na miaka sita. Kazi ya ng'ombe ilimshinda, na mwenyewe hakuwahi kulificha hilo. Sanduku ndilo lililompata.

Hatua chache kutoka mahakamani kuna Royal, jumba la sinema lililoungua 1965. Mwaka uliofuata McMurtry alitoa The Last Picture Show, riwaya kuhusu mji mdogo wa Texas ambao sinema yake inafungwa. Aliubandika mji jina la bandia, lakini nani alidanganyika? Upweke, uzinzi na umbeya wote ulianikwa juani, kisha kitabu akakitabaruku kwa mji wake, kwa mapenzi. Wapo waliokasirika, na siwalaumu. Mwaka 1970 mwongozaji Peter Bogdanovich akaja na kamera zake kuipiga filamu papa hapa, kwa nyeusi na nyeupe, kwa muswada aliouandika pamoja na McMurtry. Waigizaji Ben Johnson na Cloris Leachman walipata Oscar kwayo. Nilisimama mbele ya Royal upepo ukinipuliza vumbi machoni, nikaelewa kwa nini hawakuhitaji rangi. Tangu 2000 jumba hilo limerudi kazini, safari hii kama ukumbi wa maonyesho ya jukwaani.

Njiani nilikuwa nimemsimulia mwenyeji wangu habari za Lonesome Dove, riwaya nyingine ya McMurtry. Ilianza kama muswada wa filamu iliyokusudiwa John Wayne, James Stewart na Henry Fonda. Wayne akakataa, mradi ukalala. Miaka ikapita, McMurtry akaununua tena muswada wake mwenyewe na kuugeuza riwaya nene ya wachunga ng'ombe wanaoswaga kundi kutoka Texas hadi Montana. Jina alilikosa mpaka siku alipoliona limeandikwa ubavuni mwa basi kuukuu la kanisa. Kitabu kilitoka 1985, mwaka uliofuata kikapata Pulitzer. Baada ya simulizi hiyo, kila basi tulilopishana nalo mwenzangu alilisoma ubavuni kwa sauti.

Lakini kilichonileta hasa ni duka lake la vitabu. Booked Up lilianzia Washington, na mwishoni mwa miaka ya 1980 McMurtry akaanza kulihamishia kwao. Likakua hadi kujaza majengo manne, vitabu zaidi ya 400,000, yaani kila mkazi angegawiwa zaidi ya 200. Mwaka 2012 alipiga mnada wa siku mbili, vikaondoka vipatavyo 300,000. Nilidhani nitakuta makombo. Nilikuta rafu zinazokwenda mpaka juu, harufu ile ya karatasi kuukuu, na bei zilizoandikwa kwa penseli kwenye ukurasa wa ndani, mwandiko wa mtu asiye na haraka ya kuuza. Mimi niliyezoea kuchutama mbele ya vitabu vya mitumba vilivyotandikwa chini, safari hii shingo iliniuma kwa kutazama juu. Mwenyeji wangu, aliyekuwa amesema atanisubiri garini, nilimkuta saa moja baadaye amekaa sakafuni na historia ya reli mapajani.

Mwaka 2006 McMurtry na mwandishi mwenzake Diana Ossana walipata Oscar kwa muswada wa filamu ya Brokeback Mountain. Alipanda jukwaani amevaa suruali ya jinzi na buti za kichunga ng'ombe, akawashukuru wauza vitabu wa dunia nzima. Hollywood ilicheka kidogo. Mtu aliyesimama kati ya zile rafu hacheki.

McMurtry alifariki Machi 2021, akiwa na miaka 84. Ukipanga kwenda, kodi gari, maana usafiri wa umma usiutegemee huko. Fika asubuhi kabla upepo haujashika kasi, ukaanzie Royal.