Nilimhukumu Afrorack kwa Spika ya Simu

Mwaka 2022 Brian Bamanya, mwanamuziki wa Uganda anayejulikana kama Afrorack, alitoa albamu yake ya kwanza kupitia lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala. Wakati huo nilikuwa na kipindi cha muziki redioni hapa Busia, nikisikika Uganda na Kenya pia. Niliwaambia wasikilizaji kwamba ile si albamu, ni nyaya zinazolia. Nilikosea, na nakiri bila kujitetea.

Niliisikiliza kwa spika ya simu, ndani ya teksi iliyojaa watu kutoka Tororo. Spika ya simu haitoi besi, na muziki ule umesimama juu ya besi. Nilisikia vilio vya juu tu, nikaitolea hukumu kazi nzima.

Wala sikujishughulisha kujua kwamba ala aliyoitumia, sinthesaiza, aliiunda kwa mikono yake. Sinthesaiza ya aina hiyo huunganishwa kwa visanduku vingi, na kimoja tu cha kiwandani huweza kufika mamia ya dola. Bamanya alijifundisha saketi kwa msaada wa intaneti, akatafuta vipuri, akalehemu. Kisanduku kimoja hutoa mlio, kingine huukata, kingine hushika mwendo, na umeme unaopita kwenye nyaya ndio unaoamua noti ipande au ishuke.

Kipimo changu nacho kilikuwa kibovu. Nilikuwa nimeisifu Gulu City Anthems ya Otim Alpha, iliyotoka 2017, ambayo nayo ni muziki wa kielektroniki, kwa sababu ina mwimbaji na mahadhi ya arusi za Waacholi. Kwa Afrorack nikauliza: maneno yako wapi? Mtu aliyekulia kati ya Waiteso hakupaswa kuuliza hivyo. Mwimbaji akinyamaza, akogo, ala yao ya kupigwa kwa vidole gumba, huendelea kurudia mstari uleule, ikibadilika kidogo kidogo, na sijapata kumsikia mzee akilalamika kwamba wimbo umekwisha. Afrorack anafanya hivyohivyo: midundo inapishana, inarudi, inahama polepole. Msikilizaji anatakiwa kutulia, nami sikutulia.

Kuna aliyeumia kwa maneno yangu. Fundi redio mmoja kijana, wa Tororo, alikuwa ameanza kuunda ala kama ile. Baada ya kipindi alinipigia simu, akaniuliza kama kweli kazi hiyo haina maana. Nikamjibu, "Mdogo wangu, wewe tengeneza redio za watu." Akasema, "Asante, kaka," akakata. Baadaye niliambiwa ameuza vipuri vyote.

Kile kipindi sinacho tena, kwa hiyo natamka hapa: albamu ya Afrorack ni kazi nzito na nzuri, na niliyoyasema juu yake nayafuta. Nawe mdogo wangu, kama haya yatakufikia, nisamehe. Namba yangu ni ileile. Nipigie, vipuri nitanunua mimi.