Ubingwa wa Mezani

Katika lugha ya soka letu, "pointi za mezani" ni tusi la kistaarabu. Ni pointi ambazo timu haikuzitolea jasho uwanjani, bali ilizipata ofisini baada ya vikao na barua. Mimi nimewahi kutoa ubingwa mzima wa mezani. Niliutoa sebuleni kwangu Chanika, mwezi Mei 2020, kwa dadu tatu, kadi 20 za manila na daftari la mpwa wangu. Naandika habari hiyo kwa sababu katika mchezo ule nilitenda jambo ambalo, kama lingetendwa na ofisa wa umma, ningelilaani kwa kurasa kadhaa.

Ndugu msomaji atakumbuka majira yale. Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake Waziri Mkuu akatangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko, michezo ikiwemo, vyuo vikafuata. Ligi Kuu ikasimama palepale ilipokuwa. Simba walikuwa na pointi 71 kwa mechi 28, Azam 54, Yanga 51. Siku chache tu kabla, tarehe 8 Machi, Yanga walikuwa wamewafunga Simba bao 1-0 kwa mpira wa adhabu wa Bernard Morrison, na sisi wa upande wa njano tulikuwa bado hatujamaliza kulisimulia bao lile. Kila timu ilikuwa imebakiwa na mechi kama 10.

Mpwa wangu alikuwa kidato cha sita, katika shule ya kutwa isiyo na sifa kubwa. Mtihani wake wa taifa ulikuwa ufanyike Mei. Sasa haukuwa na tarehe. Mchana alisoma chini ya mwembe. Jioni giza liliposhuka na daladala za Gongo la Mboto zikapungua barabarani, sote wawili tulikaa sebuleni kama abiria ambao gari lao limeharibika porini: hakuna anayejua fundi atafika saa ngapi, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuliza.

Usiku mmoja nikamsimulia habari za mzee aliyenipangisha chumba nilipokuwa nikisoma Kanada. Mzee yule alikuwa mpenzi wa besiboli, na timu yake ilikuwa Expos ya Montreal. Mwaka 1994 Expos walikuwa wameshinda mechi 74 na kupoteza 40, rekodi bora kuliko timu yoyote ya ligi kuu ya Marekani na Kanada. Tarehe 12 Agosti wachezaji wa ligi nzima wakaanza mgomo kwa sababu ya mvutano wa mishahara na wenye timu. Tarehe 14 Septemba ikatangazwa kwamba msimu umefutwa, pamoja na fainali zake, ambazo zilikuwa hazijakosekana tangu 1904. Expos walikuwa na mechi 48 mkononi. Hawakupata tena nafasi kama ile, na mwaka 2005 timu ikahamishiwa Washington.

Mzee yule alikuwa na sanduku la mchezo wa mezani uitwao Strat-O-Matic, uliobuniwa mwaka 1961. Ndani yake kila mchezaji ana kadi, na kadi hiyo imetengenezwa kutokana na takwimu zake halisi. Unarusha dadu tatu. Moja inakuelekeza usome kadi ya nani, ya mpigaji au ya mrushaji. Mbili zinajumlishwa, na jumla yake inakuonyesha kilichotokea. Kila msimu wa baridi alizicheza upya zile mechi zilizofutwa mwaka 1994. Nilimuuliza kama Expos huchukua ubingwa. Akanijibu: "Ipo miaka wanachukua, ipo miaka hawachukui. Ndiyo maana narudia."

Mpwa wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mjomba, sisi tunayo matokeo yote ya mechi 28. Tunasubiri nini?"

Basi tukaanza. Tulichukua misimamo na matokeo kutoka magazeti ya michezo na simu, tukaiandikia kila timu kadi yake: mabao inayofunga nyumbani na ugenini, na mabao inayofungwa. Dadu tuliazima kwa watoto wa jirani wenye ludo; moja tukaipaka rangi ya kucha iwe nyekundu. Nyekundu ikionyesha 1 hadi 3, tunasoma kadi ya mwenyeji. 4 hadi 6, kadi ya mgeni. Dadu mbili nyeupe zilijumlishwa. Hapo mpwa wangu akanipa somo la hisabati: kati ya njia 36 za kuanguka kwa dadu mbili, njia 6 huleta jumla ya 7, lakini ni moja tu inayoleta 2 na moja tu inayoleta 12. Kwa hiyo matokeo ya kawaida ya timu tuliyaandika kwenye 7, na maajabu yake tukayaficha kwenye 2 na 12. Hata Singida United, waliokuwa mkiani, tuliwaandikia ushindi mnono kwenye 12 yao. Tuliona si haki kuinyima timu yoyote ajabu moja.

Tuliweka pia kanuni, naye akaziandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Kanuni ya nne ilisema: dadu ikianguka sakafuni haihesabiwi, inarushwa upya.

Mechi zilikuwa karibu 100, na tulizicheza kwa usiku 10 hivi. Simba walitwaa ubingwa mapema. Kadi yao haikuacha shaka. Mimi macho yangu yalikuwa chini ya msimamo. Nimezaliwa wilayani Masasi, na Ndanda FC ya Mtwara imebeba jina la mahali nilipojifunza kusoma. Timu hiyo ilikuwa katika hatari ya kushuka daraja. Hadi usiku wa mwisho, ili ibaki, ilihitaji kushinda mechi moja.

Nikarusha. Nyekundu ikasema kadi ya mgeni. Nyeupe ya kwanza ikatulia kwenye 4. Ya pili ikabingirika hadi ukingoni mwa meza, ikasimama kwenye 3. Jumla 7: Ndanda wamefungwa. Mpwa wangu alikuwa ameinama akitafuta kalamu. Kiwiko changu kikaigusa dadu, ikaanguka.

"Imeanguka," nikasema.

Nikarusha upya. Ndanda wakashinda 1-0, na Mbeya City ndiyo iliyoshuka badala yao. Mpwa wangu aliandika matokeo kimya, na pembeni, kwa herufi ndogo, akaongeza maneno mawili: "dadu ilianguka". Nimesoma ripoti nyingi za serikali maishani mwangu, na nimewafundisha wanafunzi wangu kuzitilia shaka sentensi ambazo ndani yake mambo hutokea yenyewe bila mtendaji: fedha zilipotea, jalada halikuonekana, jina liliondolewa. Sikujua kwamba siku moja nitakuwa mimi ndiye mtendaji aliyefichwa.

Siku zile zile majirani zetu walikuwa wakimaliza ligi zao kwa njia nyingine ya mezani. Tarehe 30 Aprili shirikisho la soka la Kenya lilitangaza kwamba msimu umekwisha na Gor Mahia, waliokuwa wakiongoza, ndio mabingwa. Kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi ikapinga. Mwezi Mei shirikisho la Uganda likawapa ubingwa Vipers, zikiwa zimebaki raundi 5. Vipers walikuwa wakiwaongoza KCCA kwa pointi 4, ilhali pointi 15 zilikuwa bado hazijagombewa. Timu tatu za mwisho, Proline, Maroons na Tooro United, zikashushwa daraja.

Sina nia ya kuwasuta waliofanya maamuzi hayo. Kulikuwa na maradhi, na walikuwa na kanuni zilizowaruhusu. Lakini dadu zilinifundisha kitu ambacho msimamo wa ligi hauonyeshi. Anayemaliza kazi mezani hukosea mara chache juu, kwa sababu mwenye nguvu yumo kwenye 7 na kwa kawaida angeshinda hata hivyo. Hasara iko chini, kwa yule ambaye matumaini yake yote yako kwenye 12. Kwa bingwa, kufuta mechi zilizobaki ni kumpunguzia safari. Kwa anayeshuka, ni kumnyang'anya nafasi yake pekee. Na kila mwenye mamlaka ya kumaliza mambo mezani ana Ndanda yake moyoni na kiwiko chake karibu na ukingo.

Tulipokuwa tukikusanya kadi usiku ule, mpwa wangu akaniuliza: "Mjomba, na mimi ungeniandikia kadi gani?"

Nilijua anachouliza. Kulikuwa na uvumi kwamba huenda mtihani usifanyike, na watahiniwa wakapewa matokeo kwa kuangalia maendeleo yao ya shule. Nikayafikiria matokeo ya shule yake ya miaka iliyopita: daraja la tatu kwa wengi, la nne kwa wachache, la pili kwa mmoja mmoja. Nikamwambia ukweli: "Kwenye 7 ningekuandikia la tatu."

"Na kwenye 12?"

"La kwanza."

Akatikisa kichwa. "Basi bora wanipe karatasi nijibu."

Tarehe 21 Mei Rais Magufuli alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Juni vyuo na kidato cha sita vitafunguliwa na michezo itarudi. Ligi ilianza tena tarehe 13 Juni. Sitaki msomaji adhani nausifu uamuzi huo bila masharti. Tangu mwisho wa Aprili nchi yetu ilikuwa imeacha kutangaza takwimu za maambukizi, na tulirudi viwanjani, madarasani na ndani ya daladala bila kujua tunaikaribia hatari kwa kiasi gani. Hata mchezo wa dadu hauchezeki bila kumbukumbu za kweli. Sembuse afya ya watu. Kwenda uwanjani na kuficha hesabu ni mambo mawili, na tungeweza kufanya la kwanza bila la pili.

Hata hivyo ligi ilichezwa. Tarehe 28 Juni Simba walitoka sare ya 0-0 na Tanzania Prisons jijini Mbeya, wakafikisha pointi 79 na kuwa mabingwa zikiwa zimebaki mechi 6. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Mpwa wangu, Simba wa kufa na kuzikana, hakushangilia sana. Alikuwa akichonga penseli. Kesho yake alikuwa anaanza mtihani.

Msimu ulipokwisha, Ndanda walishuka daraja, pamoja na Lipuli, Alliance na Singida United. Mbeya City walipitia mechi za mchujo wakabaki. Walijiokoa wenyewe, miguu yao ikiwa imefuta kile ambacho kiwiko changu kilikuwa kimeandika.

Agosti ile ile tukasikia ya Uingereza. Huko mitihani ya kidato cha sita ilikuwa imefutwa, na alama zikapangwa kwa fomula ya kompyuta iliyotazama, pamoja na mambo mengine, matokeo ya kila shule ya miaka ya nyuma. Katika England karibu asilimia 40 ya alama walizokadiria walimu zilishushwa. Vijana wakaandamana, wengi wao wakitoka katika shule ambazo historia yake haikuwa nzuri, na tarehe 17 Agosti serikali ikaiacha fomula ile na kurudi kwenye makadirio ya walimu. Nilimsomea mpwa wangu habari hiyo. Akasema kwa ufupi: "Waliwaandikia kadi."

Matokeo yake nayo yalitoka mwezi huo. Alipata daraja la tatu.

Nilikaa naye barazani nikitafuta maneno. Ningependa kumaliza kwa kusema kwamba aliishinda kadi yake, kwani hadithi za namna hiyo ndizo tunazopenda kusimulia katika mahafali. Hakuishinda. Yeye na Ndanda wote waliangukia pale ambapo hesabu ilisema wataangukia. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejitetea, kwamba dadu zilikuwa zimesema hivyo hivyo.

"Ndiyo, mjomba," akajibu. "Ila hii nimeifanya mwenyewe. Najua swali nililokosa."

Maneno hayo nayakumbuka kila ninapokaa katika kikao kinachotaka kuamua hatima ya watu kwa kutazama msimamo wa nyuma: mwanafunzi aliyeugua kabla ya mtihani, kijiji ambacho "kwa vyovyote" hakitalipa mkopo, kata ambayo "inajulikana" itampigia nani kura. Mara nyingi makadirio yetu yatakuwa sahihi. Lakini aliyekadiriwa hawezi kujua swali alilokosa, kwa sababu hakuulizwa, na asiyejua alikosa nini hana pa kuanzia kesho.

Daftari lile ninalo bado. Juzi nilifungua ukurasa wa mwisho, nikakuta yale maneno mawili yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Nikachukua kalamu, nikakata "dadu ilianguka", na juu yake nikaandika: "Niliiangusha mimi."