Samaki wa binti yangu alivimba tumbo

Najua wengi wenu mtacheka. Hapa Goma samaki ni wa kupika: sambaza na bukari, au tilapia ya kukaanga siku ya Mungu. Lakini kwangu yuko mmoja ambaye hapikwi. Ni kitoto cha tilapia. Mjomba wa binti yangu alimleta kutoka Kituku ndani ya chupa ya maji, akidhani kesho yake atakufa na mtoto atasahau. Mtoto akamwita Kapiteni, akamweka katika beseni kubwa la kufulia, na Kapiteni hakufa. Jirani yangu kila akipita huuliza: «Mama Mwalimu, huyu tutamukaanga siku gani?»

Asubuhi moja nilimkuta anaelea karibu na uso wa maji, amelalia ubavu. Tumbo limevimba, na kinyesi kinaning'inia nyuma kama uzi mrefu mweupe. Binti yangu, ana miaka saba, akaanza kulia kabla sijasema neno. Nikatazama chini ya beseni: mkate, bukari, punje za wali, hata kipande cha kiazi.

Nikamuuliza anamlisha mara ngapi kwa siku.

«Mara mingi, mama. Na usiku nikiamuka. Sitaki asikie njaa kama sisi siku zile.»

Siku zile mnazijua. Mwisho wa Januari 2025 tulijifungia nyumbani, maji na umeme vimekatika, risasi nje, nami nilikuwa na kilo mbili za unga na maharagwe kidogo. Niliwaambia watoto wanywe maji walale. Yeye alikuwa mdogo, nilifikiri amesahau.

Sikumkaripia. Nilikaa naye chini kando ya beseni nikamweleza. Tilapia hula zaidi majani madogo ya ziwani, na utumbo wake ni mwembamba, mrefu kupita mwili wake mara nyingi, umejikunja ndani. Mkate na bukari vikiingia humo vinavimba na kuziba. Tena mwili wa samaki hufuata joto la maji aliyomo. Usiku wetu wa Goma ni baridi, beseni liko juu ya sima, basi chakula kinakaa tumboni bila kusagika. Na kile asichokula kinaoza na kuharibu maji anayopumulia.

Dawa ya kwanza ilikuwa kutompa chochote siku tatu. Hapo ndipo palikuwa pagumu. «Unamupa azabu?» akaniuliza. Nikamwambia hapana, samaki hatumii chakula kupasha mwili joto kama sisi. Siku chache bila kula anaziweza, hasa tumbo likiwa limejaa hivyo. Hakuniamini. Usiku wa pili nilimkuta amelala kwenye mkeka kando ya beseni, ngumi imefunga kipande cha mkate. Hakuwa amekitupa majini.

Kila siku nilichota uchafu wa chini kwa kikombe, nikatoa kama theluthi ya maji na kurudisha mengine yaliyokaa wazi siku nzima, maana klori tunayotia kwa ajili ya kipindupindu huunguza mashavu ya samaki. Asubuhi nilisogeza beseni ili nusu yake ipate jua. Tena nilimkagua magamba. Yakisimama kama manyoya ya kuku anayetaka kupigana, huo ni ugonjwa mwingine wa ndani, na kufunga kula hakuuponyi. Ya Kapiteni yalikuwa yamelala vizuri.

Siku ya nne nilichemsha njegere moja ya kijani, bila chumvi, mpaka ikalainika. Nikaimenya ganda, nikaivunja vipande vidogo kama kichwa cha kiberiti. Akala viwili. Jioni alitoa kinyesi kinene cheusi, na binti yangu akaita parseli nzima ije kuona. Jirani naye alikuja. Alitazama muda mrefu, safari hii hakuuliza habari ya kukaanga.

Sasa Kapiteni anakula asubuhi na jioni, kidogo tu: lengalenga iliyochemshwa na kukatwakatwa, njegere mara moja kwa juma, mkate hapana. Kile ambacho hajamaliza mtu akihesabu mpaka mia moja, kinatolewa. Anayehesabu ni binti yangu, kwa sauti, na hesabu yake shuleni imepanda, hilo sikulitegemea. Akifika mia moja anafunika mkebe wa chakula, ananiletea niufiche juu ya kabati.

Juzi nilipotandika kitanda chake nilikuta kipande cha mkate chini ya mto, kimekauka. Nimekiacha palepale.