Raifo ya milioni tano kwa kanga wa Kumsenga?

Kuna bei ukiisikia unaomba urudiwe, ukidhani masikio yameziba. Bunduki ndogo, ile ya risasi za .22, risasi yenyewe nyembamba kuliko kalamu, inauzwa zaidi ya dola 2,000 za Kimarekani. Hapo darubini bado. Hapo nauli na ushuru bado. Ukiigeuza kwa shilingi zetu unapita milioni tano bila kupiga honi. Kule kwetu Kumsenga hiyo ni ng'ombe kadhaa na jike la mbuzi la nyongeza, au ni bati za nyumba nzima na sementi ya sakafu.

Na mtu anayenishauri niinunue si adui yangu, ni mpwa wangu wa damu. Anaishi Ujerumani siku nyingi, na huko Jumamosi wenzake wakienda kwenye mpira yeye huenda klabu ya kulenga shabaha. Alipokuja likizo akaiona raifo yangu ya zamani, ile niliyorithi kihalali kwa marehemu baba, karatasi zote zipo. Akaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. "Mjomba," akasema, "hii ni ya kutundika ukutani. Nunua Anschütz, ufe ukiwa umeshika bunduki."

Msomaji wangu, usicheke. Hilo jina si la mchezo. Anschütz ni kampuni iliyoanza mwaka 1856, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikahamia mji wa Ulm. Wapiga shabaha wa Olimpiki wengi wameshinda medali wakiwa na bunduki zake. Ukiangalia wanachokilenga utawaelewa: karatasi iko mita 50, na kile kiduara cha kupata alama kumi kina upana wa milimita 10.4. Kitufe cha shati. Hapo mtu akikosa kwa unene wa ukucha ameshaagana na medali.

Mimi mwenyewe nimeijaribu. Nilimtembelea huyo mpwa, akanipeleka klabuni, nikalazwa kifudifudi kwenye mkeka kama mgonjwa anayesubiri sindano. Risasi kumi na ile ya mamilioni: matundu yote yaliungana, ukiweka sarafu juu yanazibwa. Halafu nikaomba bunduki ya kawaida ya klabu, ile wanayofundishia watoto. Risasi kumi tena: safari hii ungehitaji kiberiti kuyaziba. Basi. Sarafu na kiberiti, hiyo ndiyo tofauti niliyoiona kwa macho yangu, na ndiyo inayolipiwa mamilioni.

Sisemi ni wizi. Zile fedha zinakwenda mahali. Mtutu unasuguliwa kwa mkono hadi ndani uwe sawa mwanzo mpaka mwisho. Chumba cha risasi kinachongwa kwa kubana, risasi isicheze hata kidogo. Kifyatulio ni laini, ukikifikiria tu kimeshaachia. Risasi hizi za .22 nazo zina tabia yake: baruti ya kuwashia haikai katikati ya kitako kama kwenye risasi kubwa, imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini hugonga huo ukingo. Mtindo huu ni wa karne ya 19, na hii .22 ndefu tunayoijua ilitoka Marekani mwaka 1887. Ni rahisi kutengeneza na ni rahisi kununua, lakini ile baruti ya ukingoni ikikaa vibaya risasi inazubaa, au inapiga chini kidogo kuliko mwenzake. Na ganda likishatumika limekwisha, huwezi kulijaza tena ukaendelea na maisha.

Ndiyo maana bunduki ya bei mbaya inadai na risasi za bei mbaya. Hapo ndipo mpwa wangu alipoanza kukohoa. Risasi zile za mashindano, kama Tenex za Eley ya Uingereza, boksi la 50 ni mara nne au zaidi ya boksi la kawaida. Ukiilisha Anschütz risasi za kawaida, itakupa matokeo ya kawaida. Ni sawa na kuoa binti wa mjini halafu umlishe ugali wa muhogo kila siku. Atakaa, ila usitegemee tabasamu. Na Kibondo mjini huingii dukani ukaulizia Tenex kama unavyoulizia betri za tochi.

Tena kile chumba cha kubana hakipendi uchafu. Kwetu kiangazi likipita lori moja, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chumvi. Raifo ya baba imekula vumbi hilo miaka na miaka, unaifuta kwa kitambaa na mafuta kidogo, inapiga.

Sasa tuje kwenye shabaha ya Kumsenga. Hatuna karatasi, tuna kanga. Kichwa cha kanga akiwa hatua thelathini, ametulia, ni kikubwa kuliko kitufe cha shati, na bunduki ya kawaida inakitosha. Tatizo ni kwamba hatulii. Na mimi nimevuka hamsini, macho yanahitaji miwani hata kusoma gazeti hili. Upungufu wa macho yangu ni mkubwa kuliko upungufu wa mtutu wowote. Halafu kuwinda bila kibali ni kosa, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haina mzaha, na sisi tuko upande wa Moyowosi ambako askari wa pori hawalali. Hata nikimpata huyo kanga kihalali, nikipiga hesabu, kitoweo hicho kitakuwa ghali kuliko karamu ya hoteli kubwa ya Dar.

Ila wapo wanaohitaji kubadilisha bunduki kweli, na hao mpwa wangu hakuwataja. Ni wazee wenye magobore. Gobore msomaji unalijua: mtutu mara nyingi ni bomba la maji, baruti inashindiliwa kwa mdomo, risasi ni vipande vya nondo. Likipasuka linaondoka na jicho au vidole vya mwenye nalo. Nyingi hazina karatasi, kwa hiyo mzee anaogopa nyani mbele na polisi nyuma. Mtu wa namna hiyo akihama kwenda kwenye .22 ya bei ya chini, tuseme ile CZ ya Wacheki inayouzwa huko nje robo ya bei ya Anschütz, ameruka mto mkubwa. Kutoka CZ kwenda Anschütz anaruka kijifereji tu, tena kwa gharama ya mara nne.

Na kabla ya kuruka kuna karatasi. Tangu sheria ya silaha ya mwaka 2015, safari inaanzia kwa watu wa kijiji wanaokujua, inapanda kata, inafika wilayani, na polisi wanakuchunguza. Leseni ukiipata ni ya kuhuisha, si ya milele. Kuingiza bunduki kutoka nje bila kibali ni jela, kwa hiyo ile ndoto ya mpwa ya "nitaipakia kwenye begi" nimeizima mchana kweupe.

Sisi wa Kibondo na Kasulu hatuichukulii bunduki kama saa ya mkononi. Mwaka 1993 vita ya Burundi ilipolipuka, wakimbizi waliingia kwa maelfu, na nyuma yao silaha za kivita zikapenya. Miaka mingi baadaye mabasi ya huku yalikuwa yanasindikizwa na polisi wenye mitutu. Majambazi walikuwa hawaulizi una hela kiasi gani tu, waliuliza pia nani kijijini ana bunduki. Marehemu baba aliipeleka raifo yake kituoni ikatunzwe, akabaki na panga, na nakumbuka mama alilala vizuri kuanzia usiku huo. Hebu fikiria nyumba ambayo kila mtu anajua ndani kuna kitu cha milioni tano.

Jambo jingine linanisumbua kuliko bei. Risasi ya .22, hata ya bunduki ya bei poa, ikikosa inaweza kwenda kilomita moja na zaidi. Marisau ya shotigani yanaanguka karibu, hii haianguki karibu. Mashamba yetu yamegusana. Nikimlenga tumbili juu ya hindi, nyuma yake kuna mihogo ya jirani, na nyuma ya mihogo kuna mtoto juu ya dungu anaamia ndege. Ile Anschütz inajua kupiga kitufe, lakini haijui nani yuko nyuma ya kitufe.

Mpwa wangu aendelee na yake. Ana klabu, ana kuta za zege nyuma ya shabaha, ana mshahara wa Ulaya. Kwake hiyo bei ni halali kabisa, mwenzake anatumia zaidi ya hapo kwenye pikipiki asiyoipanda wakati wa baridi. Mimi ya baba nimeipaka mafuta, imefungwa kwenye sanduku la chuma. Msimu huu tumbili tumewawekea vijana wawili na madebe ya kugonga, kwa malipo ya debe moja la mahindi kila mmoja wakati wa mavuno. Juzi mmoja kaniomba na viatu vya mvua, naona nitampa.