Umeniuzia Rangi

Kabla sijajiita mwandishi nilikuwa mvundika ndizi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019, matokeo yakagoma, mjomba akanichukua kwenye stoo yake Dar es Salaam. "Riwaya utaandika usiku, mpwa wangu. Mchana tuvundike."

Yeye alifunzwa na babu: mikungu shimoni, majani ya mgomba juu, moshi kidogo, kisha kungoja. Siku hizi kuna dawa. Ile ya maji ni ethefoni. Ikiingia kwenye tunda hutoa hewa ya ethilini. Hewa hiyo si ngeni. Ndizi yenyewe huitengeneza ikianza kuiva, ndiyo maana moja mbivu huwaambukiza jirani zake. Hata moshi wa babu ulikuwa nayo. Mwaka 1901 Mrusi mmoja, Dimitri Neljubow, alionyesha kwamba ndiyo iliyokuwa ikipinda miche yake ya njegere, ikivuja kutoka gesi ya taa. Wengine hutumia kabidi, yale mawe ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Yakipata unyevu hutoa asetilini, nayo huivisha, ila huweza kuja na mabaki ya aseniki, ambayo ni sumu. Mjomba hakutaka kuyaona stooni.

"Dawa inaivisha," alizoea kusema, "haikomazi."

Ndizi changa ina mbavu. Iliyokomaa imejaa mpaka mbavu zinafifia. Humo ndani mna wanga wa kutosha, na wanga ndio unaogeuka sukari. Changa ukiipa dawa itapata njano, lakini sukari itatoka wapi? Chungwa ndiyo kabisa: likishachumwa haliongezi utamu, hewa ile hufuta ukijani wa ganda tu. Ndiyo maana chungwa la Muheza laweza kuwa kijani na bado likawa tamu.

Yote hayo niliyajua. Basi ikafika Ramadhani, ndizi zikaadimika, mjomba akasafiri kwenda msibani akaniachia hela. Likaja gari la mikungu michanga, bei ya kutupa. Nikanunua. Nikaipa dawa, tena ya kuzidi kipimo. Siku chache baadaye stoo iling'aa kama duka la sonara.

Mama mmoja muuza matunda, mteja wetu wa siku zote, alichukua mikungu minne kwa fedha ya mchezo aliyopokea wiki ile. Hakumenya hata moja. Kwa nini amenye? Alikuwa akinunua kwetu.

Kesho yake alirudi na chane moja kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu onja."

Nikaonja. Ilikuwa kama kutafuna karatasi.

"Wateja wamenirudishia. Mwanangu, umeniuzia rangi."

Fedha yake ilikuwa mfukoni mwangu, wallahi naikumbuka ilivyokuwa inanichoma paja. Nikamjibu, "Ni joto hili, mama." Joto kali kweli huharibu rangi ya ndizi, hata ikalainika ingali kijani. Lakini hizi zilikuwa na njano safi, na yeye kauza ndizi tangu sijazaliwa. Alinitazama, akaiacha chane mezani, akaondoka. Hakurudi tena. Mjomba aliporudi nilimwonyesha faida, akanisifu.

Miaka ikapita. Katika riwaya yangu nimemweka mama huyo. Sura ya tisa, kijana anamfuata, anamrudishia fedha yake, mama analia, anamsamehe. Niliipenda sana sura ile. Nikampelekea mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili. Alisoma yote, akarudi kwenye ile sura.

"Kijana wako anaongea vizuri," alisema. "Lakini huyu mama mbona hana neno lake hata moja? Anasamehe tu?"

Sikuwa na jibu, maana sikujua angesema nini. Sikuwahi kumwuliza.

Nimemweleza mjomba ukweli. Hakugomba, alihesabu thamani ya mikungu minne, akasema nusu atatoa yeye. Nusu yangu ninayo. Sasa kila Jumamosi napita sokoni na kwenye mageti ya shule alikokuwa akiuza, naulizia. Wapo wanaosema alihamia kwa binti yake Mbagala.

Sura ya tisa nimeichana. Kwenye daftari pamebaki kurasa nyeupe, na sitazijaza mpaka nimsikie mwenyewe, hata kama ni kunitukana.